Kadhi, Katiba na Ile Barua ya 1963

Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo, asanteni kwa kuja.

Hapa Kenya mjadala wa dini na serikali ukianza tu, mtu anatoa simu anasoma kifungu cha 8 cha katiba, hakuna dini ya serikali, halafu anauliza mbona kadhi analipwa na kodi yangu? Ni swali la haki, mimi silidharau hata kidogo. Lakini ateremke mpaka kifungu cha 170 amwone kadhi humohumo, na vyote viwili tulivipigia kura siku moja, 4 Agosti 2010. Mei mwaka huohuo majaji walishasema, kwenye kesi iliyoletwa na viongozi wa makanisa, kwamba kadhi hakufaa kuwemo kwenye katiba ya zamani, hoja zikasikika nchi nzima, na wananchi bado wakapitisha.

Sasa aliingiaje? Hapa ndo watu wanaruka. Huu mwambao wetu, maili kumi kutoka baharini, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akaja kuusimamia kwa mkataba wa 1895 na kila mwaka anamlipa Sultani. Uhuru ulipokaribia kuna waliotaka mwambao ujitenge kabisa, watu walikuwa na hofu ya kweli jamani, ndipo Oktoba 1963 Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua, na mle Kenyatta akaahidi mamlaka ya makadhi yatalindwa wakati wote kwenye ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu. Sultani akaachia. Kwa hiyo mimi ile barua naihesabu ni hati ya kuasisi nchi hii sawa na katiba, maana kuna watu waliingia Kenya kwa ahadi hiyo.

Na nenda korti ya kadhi asubuhi uangalie foleni, kina mama tele, huyu anadai matumizi ya watoto, yule katelekezwa miaka na talaka hapewi. Ukiifuta hiyo korti ndo unamfutia yeye.

Ila na sisi Waislamu tuisome yote. Kifungu cha 170 kinataka wahusika wote wawe Waislamu na wote wakubali kwenda kwa kadhi, asiyekubali halazimishwi. Anayetaka kadhi apewe na kesi za jinai, barua haimpi na katiba haimpi.

Haya, maswali.