Dhahabu na bluu ya Carina: kupika picha ya nebula kutoka chaneli tatu za kijivu

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Leo hatugusi darubini. Tunachukulia kwamba msikilizaji ameshapiga picha ya nebula, yaani wingu la gesi angani, kwa filta tatu za mkanda mwembamba, zile zinazopitisha kipande chembamba tu cha mwanga, ameshazirundika fremu zake ziwe picha moja kwa kila filta, na sasa ana mafaili matatu ya kijivu, ndizo chaneli: la haidrojeni, la oksijeni na la salfa. Anataka rangi zilizokolea kweli. Kaka Idrisa, mfano wetu ni upi?

IDRISA: Nebula ya Carina, NGC 3372. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta ni zawadi. Iko kusini mno, Ulaya haichomozi kabisa, lakini Dar es Salaam inapanda hadi nyuzi 37 hivi juu ya upeo wa macho. Katikati ya Februari inafika kilele chake kama saa saba na nusu usiku, kabla masika hayajafunga anga. Na gesi zote tatu zimo kwa wingi.

REHEMA: Tueleze kwanza kwa nini rangi zinahamishwa, maana hilo watu hulirukia. Haidrojeni-alfa inang'aa kwenye nanomita 656.3. Salfa iko kwenye 671.6 na 673.1. Kwa jicho zote ni nyekundu ileile. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili iko kwenye 495.9 na 500.7, kijani kinachoelekea bluu. Ukizipanga kwa rangi zake za asili, salfa inazama ndani ya haidrojeni na huioni tena. Kwa hiyo salfa tunaipa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu.

IDRISA: Ndio mpangilio uliopata umaarufu mwaka 1995, Jeff Hester na Paul Scowen walipotoa picha ya nguzo za Nebula ya Tai iliyopigwa kwa darubini ya Hubble. Na mpangilio huo unasema kitu. Salfa kupoteza elektroni ya kwanza inahitaji elektrovolti 10.4, haidrojeni 13.6, lakini oksijeni kupoteza ile ya pili inahitaji 35. Kwa hiyo oksijeni utaikuta karibu na nyota za moto mkali, kwa Carina ni kwenye makundi ya Trumpler 14 na 16, na salfa utaikuta kwenye kingo za mawingu meusi, pale mwanga mkali unapoanza kuishiwa nguvu. Rangi inatoka kwenye tofauti hizo. Kama chaneli zako tatu zinafanana, hata ukoze rangi hadi mwisho utapata kijivu kilichopakwa.

REHEMA: Basi kazi yote ni kulinda tofauti hizo zisipotee njiani. Tuanze na picha ikiwa bado mbichi, haijatanuliwa, yaani sehemu zake hafifu hazijainuliwa mwangaza zikaonekana. Landanisha chaneli zote na ile ya haidrojeni, kisha kata kingo. Fremu za usiku mmoja haziangukii pale pale zilipoangukia za usiku mwingine, na ule ukanda wa pembeni wenye chaneli mbili tu utageuka mstari wa rangi ya ajabu baadaye.

IDRISA: Halafu ondoa mteremko wa mwanga, ule mng'ao wa anga unaokolea upande mmoja. Kwa kitu kilicho chini kama Carina, upande wa upeo wa macho utang'aa zaidi, na oksijeni ndiyo huathirika kuliko zote, hasa ikiwa mwezi ulikuwepo, kwa sababu mwanga wa mwezi husambaa zaidi kwenye bluu na kijani. Usiku wa mwezi piga haidrojeni na salfa, oksijeni iwekee usiku wa giza.

REHEMA: Na hapa ndipo oksijeni nyingi hufa. Carina inajaza fremu nzima. Ukiiacha programu ipange yenyewe alama zake, zile sehemu inazopimia anga tupu, itaziweka juu ya nebula, itadhani ule ukungu hafifu ni uchafu, na kuutoa. Futa alama zote, weka chache kwa mkono kwenye pembe zilizo nyeusi kweli. Alama sita nzuri zinashinda mia mbaya. Tumia kutoa, si kugawa. Kugawa ni kazi ya fremu za flati, zile za kusawazisha mwanga wa lenzi na vumbi, nazo zilishafanya kazi yake.

IDRISA: Chengachenga, zile punje za kelele kwenye picha, nazo zipunguze picha ikiwa mbichi. Haidrojeni iguse kidogo tu, maana maumbo madogo yote yanatoka huko. Salfa na oksijeni zinavumilia usafishaji mzito zaidi. Jicho linakubali rangi laini juu ya umbo kali.

REHEMA: Sasa toa nyota. Siril, programu ya kuchakata picha za anga, ni ya bure na ina sehemu ya kuitumia StarNet, programu ya kuondoa nyota, humo humo. Ukiipa picha ambayo haijatanuliwa, weka alama kwenye kisanduku cha kuitanua kwa muda, la sivyo itaacha nyota nusunusu. Fanya kwa kila chaneli peke yake, kisha kagua karibu na Eta Carinae yenyewe, ile nyota angavu ya ndani ya nebula. Pale katikati panang'aa sana na mara nyingi programu hula kipande cha gesi ikidhani ni nyota. Pakiharibika, parekebishe sasa kwa brashi ya kunakili, usisubiri mwisho.

IDRISA: Kutanua. Hili ndilo hasa linaloamua rangi, kuliko kitu kingine chochote. Watu wengi huchanganya chaneli kwanza kisha wakatanua kwa pamoja. Haidrojeni ina nguvu kuliko wenzake, kwa hiyo picha inatoka kijani kitupu. Tanua kila moja peke yake. Lenga usuli wa anga, yaani sehemu nyeusi isiyo na gesi, uwe 0.08 hadi 0.10 kwenye chaneli zote tatu, kwa kipimo cha 0 hadi 1, na sehemu angavu kuliko zote isizidi 0.85.

REHEMA: Kwa nini 0.85 na si 1?

IDRISA: Kwa sababu ukizikoza rangi baadaye, chaneli moja itasukumwa juu. Kama ilishafika ukingoni inakwama, na ukingo wa wingu uliokuwa na mikunjo unakuwa bapa la chungwa. Wacha nafasi. Na usilazimishe salfa ifanane na haidrojeni kwa nguvu zote. Ukiona chengachenga zinaanza kutambaa kwenye usuli, simama hapo hapo.

REHEMA: Tuchanganye basi. Ukiweka moja kwa moja, salfa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu, hata baada ya kutanua vizuri utapata kijani kingi. Njia ya zamani ni kuondoa kijani kwa ile zana ya programu inayoondoa chengachenga za kijani. Ukiitumia asilimia 100, unafuta haidrojeni kila mahali inapozidi wenzake, na dhahabu inakuwa kahawia ya udongo. Anza na asilimia 60, kisha geuza kijani kilichobaki kuelekea manjano kwa kurekebisha aina ya rangi.

IDRISA: Mimi naona ni bora kijani kisizaliwe kabisa. Kwenye zana ya hesabu za pikseli, inayochanganya chaneli kwa fomula, andika hivi: nyekundu ni 0.4 ya salfa jumlisha 0.6 ya haidrojeni. Kijani ni 0.45 ya haidrojeni jumlisha 0.55 ya oksijeni. Bluu ni oksijeni tupu. Angalia kinachotokea. Penye haidrojeni peke yake, nyekundu ni 0.6 na kijani 0.45, hiyo ni dhahabu. Penye oksijeni peke yake, bluu ni 1 na kijani 0.55, samawati iliyokolea. Salfa ikiongezeka ukingoni, nyekundu inapanda na dhahabu inageuka chungwa.

REHEMA: Na jumla ya kila mstari ni 1, ndiyo maana zote tatu zikiwa sawa unapata kijivu au nyeupe. Ukibadilisha namba, shika sharti hilo, usije ukachafua usuli.

IDRISA: Kuna pia mchanganyiko unaojibadilisha kila pikseli, ambao wapigaji wengi wanautumia siku hizi. Unachukua oksijeni na kuipandisha kwa kipeo cha moja toa oksijeni. Oksijeni ikiwa 0.1, uzito unakuwa kama 0.13, ikiwa 0.5, unakuwa 0.71. Nyekundu inakuwa salfa mara uzito huo, jumlisha haidrojeni mara uzito uliobaki. Kijani hufuata njia hiyo hiyo kati ya haidrojeni na oksijeni, ila uzito wake unatokana na oksijeni mara haidrojeni. Bluu ni oksijeni. Matokeo yanapendeza sana, lakini usiutumie kwenye picha mbichi. Huko thamani ni kama 0.001, uzito nao unakuwa 0.001, na salfa yako yote inatoweka bila onyo lolote.

REHEMA: Swali linaloulizwa sana: nitumie haidrojeni kama mwangaza wa picha, yaani safu ya mwanga na giza inayowekwa juu ya rangi? Inavutia kwa sababu ni safi. Lakini penye oksijeni nyingi na haidrojeni kidogo, unakuwa umeweka giza juu ya bluu, na bluu inakufa. Tengeneza mwangaza wa bandia: chukua thamani kubwa kati ya haidrojeni na oksijeni kwa kila pikseli, au 0.6 ya haidrojeni jumlisha 0.4 ya oksijeni.

IDRISA: Kukoza rangi sasa. Fanya kwa awamu ndogo tatu kuliko moja kubwa, na daima kwa maski ya mwangaza, kifuniko kinachoruhusu sehemu angavu tu kubadilishwa, ili usuli usiguswe. Chengachenga za rangi kwenye anga nyeusi ndizo zinazofanya picha ionekane ya bei rahisi. Baada ya kila awamu tazama histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa mwangaza, ya kila chaneli peke yake. Nyekundu ikigusa ukuta wa kulia, rudi nyuma.

REHEMA: Nyota. Za mkanda mwembamba hutoka zambarau-waridi, kwa sababu salfa na oksijeni tumezitanua zaidi ya haidrojeni, nyekundu na bluu zikazidi kijani. Dawa ya kweli ni kupiga nyota kwa filta za kawaida za nyekundu, kijani na bluu: fremu 20 za sekunde 30 kwa kila filta zinatosha, kwa sababu unahitaji nyota tu. Ukikosa hizo, chukua picha ya nyota peke yake, igeuze hasi, ondoa kijani, kisha igeuze tena iwe chanya. Waridi yote inaondoka.

IDRISA: Kuzirudisha, usijumlishe tu, vitovu vitaungua. Andika: 1 − (1 − nebula) × (1 − nyota). Kwa Carina punguza nyota kidogo kabla ya hapo. Iko kwenye Njia ya Maziwa, nyota ni utitiri, na zikiwa na nguvu zote zinafunika gesi uliyoihangaikia.

REHEMA: Mwenye kamera ya rangi na filta ya mikanda miwili, inayopitisha haidrojeni na oksijeni tu, je?

IDRISA: Siril ina hati, yaani mfululizo wa amri zilizoandikwa tayari, ya kutenganisha haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni inatoka kwenye pikseli nyekundu tu, moja kati ya nne, kwa hiyo itakuwa na maelezo machache zaidi. Ukosefu wa salfa usiufiche: weka haidrojeni kwenye nyekundu, 0.3 ya haidrojeni na 0.7 ya oksijeni kwenye kijani, oksijeni kwenye bluu. Utapata nyekundu ya chungwa na samawati, picha nzuri kabisa.

REHEMA: Kazi yote iwe kwenye biti 32, hifadhi TIFF ya biti 16, na ya kutuma mtandaoni igeuze kwenda sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, kabla ya kuifanya JPEG, la sivyo bluu inafifia kwenye simu za watu. Na chini ya picha andika gesi ipi umeipa rangi ipi na saa ngapi za kila filta. Anayeitazama akiona bluu katikati ya Carina, ajue anaangalia oksijeni.