Bajeti Huanzia Kwenye Orodha ya Majina

Mabibi na mabwana, nanyi maharusi watarajiwa ninaowaona mmeshikana mikono kule nyuma, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie harusi ndogo, yenye sura ya wenyewe, inayofanyika wakati wa majani kupukutika, na isiyowaachia wenyewe madeni. Tuelewane kwanza kuhusu msimu, maana neno vuli kwetu ni mvua. Ninaousema leo ni ule msimu wa nchi zenye baridi, unaoanza tarehe 22 au 23 Septemba upande wa kaskazini wa dunia, na mwezi Machi upande wa kusini. Siku zinafupika, rangi ya kijani inavunjika majanini, na ile ya manjano iliyokuwa imejificha humo tangu mwanzo inajitokeza. Kwa hiyo mpambaji wenu mkuu anakuja mwenyewe, na hadai kianzio.

Sasa pesa. Maharusi wakinijia huanza na swali moja: "Tuna kiasi hiki, tutapata harusi ya namna gani?" Nami nawauliza: "Mnamwalika nani?" Wengine hudhani ninakwepa. Sikwepi. Chakula, vinywaji, viti, sahani, kadi, vipande vya keki, vyote vinahesabiwa kwa vichwa. Chukua wageni 120, meza ya watu 8. Hizo ni meza 15: vitambaa 15, mapambo 15, na ukumbi wa kuzimeza zote. Chukua wageni 40, unabaki na meza 5. Hakuna punguzo mtakalobembeleza kwa mpishi litakalofikia hilo.

Ila kuna jambo watu hawaligundui mpaka wachelewe. Ukimwondoa mgeni mmoja umeokoa sahani yake tu. Meza iko palepale, na ua lake katikati. Ukiwaondoa wanane, meza nzima imekwenda. Basi mnapopunguza orodha, punguzeni kwa meza. Na msishtuke mkigawanya gharama zote kwa idadi ya wageni mkaona kila mmoja amekuwa ghali. Mpiga picha hakupunguzii bei kwa sababu wageni ni wachache, na gauni ni lilelile. Kinachopaswa kuwashughulisha ni jumla.

Kuhusu ukumbi nitasema kidogo. Ulizeni kima cha chini kabla hamjapenda madirisha. Kumbi nyingi hutoza idadi fulani ya sahani, mkae 40 au mkae 100. Na watu 40 ndani ya ukumbi wa 200 wataonekana kama waliochelewa kuondoka, kisha mtatumia fedha za mapambo kuziba utupu.

Turudi kwenye majina, maana ndipo penye vita. Kipimo ninachowapa watu ni hiki: je, mwaka huu mmeketi na mtu huyu mkazungumza, nyinyi na yeye, bila kuwapo shughuli? Kama hapana, mpelekeeni habari njema baada ya harusi. (Mama mmoja mbele alitikisa kichwa hapa.) Naam, mama, naona. Wazazi wana watu wao, na wana haki. Ninachoshauri ni kuwapa wazazi nafasi kwa hesabu, tuseme 6 upande huu na 6 upande ule, wachague wenyewe. Mkibishana jina kwa jina mtachoka, tena mtaumizana. Mkibishana juu ya idadi, mmebishana mara moja tu.

Na mnachopata badala yake ni dakika. Sherehe ya saa 3 ina dakika 180. Kwa wageni 120, kila mmoja anawapata maharusi kwa dakika moja na nusu, hata wasile wala wasicheze. Kwa 40 ni dakika nne na nusu. Mnaweza kumwandikia kila mgeni barua fupi kwa mkono, mkaiweka juu ya sahani yake. Ndiyo kadi ya kuonyesha anapoketi, na ndiyo zawadi. Mnaweza kuunganisha meza zikawa moja ndefu, kila mtu akaona uso wa kila mtu. Siku zote nimeona watu wakiziacha zile zawadi ndogo za kununua mezani, lakini barua sijaona ikiachwa.

Maua: chukueni yaliyo shambani wakati huo. Dalia huendelea kuchanua mpaka usiku wa kwanza wa baridi ya kugandisha, na krisanthemamu yenyewe husubiri usiku urefuke ndipo ichanue. Ua la msimu mwingine lazima lisafirishwe, na nauli yake mtailipa nyinyi.

Siku pia ina bei. Sehemu nyingi Jumamosi za Septemba na Oktoba hugombewa, ndiyo maana Ijumaa, Jumapili, au Novemba yenye majani machache huwa nafuu. Kwa wageni 40 mnaweza kuwapigia wote simu na kuwauliza kama Ijumaa inawafaa. Kwa 120 hamthubutu.

Nije kwenye kosa langu. Harusi moja niliyoisimamia mwishoni mwa Oktoba, nilipanga ratiba kwa mazoea ya miezi ya joto, jua linapochelewa kuzama. Bibi harusi alichelewa kama dakika 40 kwenye nywele, jambo la kawaida kabisa, na picha za ukoo tulizipiga kwa mwanga wa taa za gari. Babu yake anaonekana amefumba macho katika zote. Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachoandika ni saa ya jua kuzama. Pale London, tarehe 22 Septemba jua huzama karibu saa 1:00 jioni. Tarehe 31 Oktoba huzama saa 10:35 hivi, kwa sababu Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Ulaya hurudishwa nyuma. Marekani hurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Basi hesabuni kurudi nyuma kutoka machweo: picha za ukoo ziwe zimekwisha nusu saa kabla, na kiapo kabla ya hapo. Mkianza mapema mtamaliza mapema, nayo saa moja ya ukumbi isiyotumika ni fedha iliyobaki mfukoni.

Tengeni sehemu ya kumi ya bajeti, msiipangie kazi. Bandu bandu huisha gogo, na katika msimu huu bandu ni vipasha joto vya kukodi, ukuta wa hema, taa za njiani. Ulizeni kwenye mkataba nani analipia joto, na tarehe ya mwisho ya kutaja idadi ya wageni ni lini.

Kijana pale ameuliza kuhusu mablanketi. Kwa wageni 40 nunueni 20, myaweke kwenye vikapu karibu na mlango. Ikifika usiku mtawaona wawili wawili chini ya blanketi moja, wakiwamo wale mliohangaika wiki nzima msiwaketishe karibu.