Mtoto Mwovu Naye Ana Sahani

NEEMA: Karibuni tena, wapenzi. Kaka Juma, juzi nililia mbele za watu.

JUMA: Pole, dada. Kuna nini?

NEEMA: Mzizi. Majirani zangu wa chini, Wayahudi, walinialika Pasaka yao. Zile mboga zenye uchungu tunazozisoma kwenye Kutoka, wao wanakuna mzizi mweupe kama unavyokuna nazi, wanauweka juu ya mkate usiotiwa chachu. Ulinipanda puani, machozi yakatoka yenyewe.

JUMA: Na mada yetu ni wanafunzi wa Kiyahudi na siasa za vyuo vya Marekani. Mzizi umeingiaje?

NEEMA: Binti yao ana miaka 18, Agosti anaingia chuo. Baba yake kamwandikia karatasi nzima kuhusu Israeli: wakisema hivi, jibu hivi. Kaikunja ndani ya Hagada, kile kitabu cha usiku ule. Basi tukafika kwa wana wanne. Mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na asiyejua hata kuuliza. Mwovu anauliza, "Ibada hii ni ya nini kwenu?" Kwenu! Hakusema kwetu. Na mzazi anaagizwa amtie ganzi meno, yaani amjibu kwa ukali. Binti akaweka kitabu chini: "Baba, nikienda chuo nikauliza hivyo hivyo kuhusu Israeli, nitakuwa mwovu?"

JUMA: Lo! Baba akasemaje?

NEEMA: Aliinyoosha ile karatasi kwa kiganja, akaikunja tena. Bibi ndiye aliyejibu: "Mwovu naye amewekewa sahani."

JUMA: Bibi kasema vizuri, lakini mimi niko na baba. Tarehe 5 Desemba 2023, marais wa vyuo vya Harvard, MIT na Pennsylvania waliulizwa katika Bunge la Marekani kama kuitisha mauaji ya kimbari ya Wayahudi kunavunja kanuni za vyuo vyao. Jibu likawa, inategemea muktadha. Humo ndimo anamoingia, halafu umwache bila jibu hata moja mfukoni? Mwanangu anavaa hijabu. Nilimpa majibu kabla hajaondoka nyumbani, na sijutii.

NEEMA: Karatasi ile inamwandaa kukutana na nani, Juma? Aprili 2024, kwenye mahema ya wanafunzi waliopinga vita vya Gaza pale Chuo Kikuu cha Columbia, walikuwemo Wayahudi walioifanya Pasaka humo humo. Na chuoni hapo hapo walikuwepo Wayahudi walioogopa kupita karibu. Wote ni wa meza moja. Tena sikuona mstari unaomwambia kwamba Mpalestina atakayekaa naye darasani anaikumbuka 1948, Israeli ilipoundwa na Wapalestina wengi wakapoteza makwao, kwa jina la Nakba, yaani janga.

JUMA: Atajifunza. Aanze na ya kwao.

NEEMA: Kubishana ndiko kwao! Angalia City College ya New York, miaka ya 1930. Ada hakuna, wanafunzi wengi ni watoto wa wahamiaji Wayahudi. Bwalo lilikuwa na vipembe vyenye meza: cha 1 wa mrengo wa kushoto wanaompinga Stalin, mtawala wa Urusi ya kikomunisti, cha 2 wakomunisti wanaomtetea. Ni kubishana kutwa. Kwenye kipembe cha 1 alikaa Irving Howe, akabaki msoshalisti, na Irving Kristol, akaja kuwa mhafidhina. Nani hapo mwovu?

JUMA: Walikuwa wakibishania Urusi, Neema! Huyu binti ataambiwa nchi ya binamu zake haikustahili kuwepo. Hiyo si hoja ya bwalo, inamgusa damu.

NEEMA: Na Mpalestina je? Hoja ya nani haigusi damu?

JUMA: Sijasema haimgusi. Nasema mtoto wa miaka 18 hatupwi baharini ili ajifunze kuogelea.

NEEMA: Wala hafundishwi kuogelea kwa karatasi.

JUMA: Hapo hatukubaliani.

NEEMA: Hatukubaliani.

JUMA: Na fundi mitambo ananionyesha dakika moja. Tulikuwa na mambo matatu ya kuwashauri wazazi.

NEEMA: Mwovu kayala yote.

JUMA: Wiki ijayo basi. Ile karatasi, binti aliichukua?

NEEMA: Aliitia kwenye mkoba. Sidhani kama ataisoma.

JUMA: Ataisoma.

NEEMA: Juma.

JUMA: Usiku wa kwanza bwenini, peke yake? Ataisoma, dada.