Jioni ya Karlovy Vary, mji wa maji ya moto

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani! Wakubwa zangu shikamooni. Leo nipo Karlovy Vary, magharibi ya Ucheki, mwendo wa saa mbili na kitu kwa basi kutoka Prague. Ni saa tatu kasorobo usiku na jua halijazama. Ndiyo Juni ya huku.

Hebu nigeuze kamera. Mnauona huo mvuke? Maji haya yanatoka ardhini yakiwa hivyo hivyo, hakuna aliyeyachemsha. Chemchemi kubwa inaitwa Vřídlo, maji yake yana nyuzi 73 na yanaruka hadi mita 12. Kila dakika yanatoka kama lita 2,000, yaani ndoo 100 zile za lita ishirini. Wenyeji wanasimulia kwamba mfalme Karl wa Nne alikuwa akiwinda porini humu, ndipo chemchemi ikagunduliwa. Hayo ya kuwinda ni hadithi, ila haki za mji aliwapa kweli, mwaka 1370, na jina la mji ni lake.

Nimetoka kula sasa hivi. Nilikaa meza ya nje, karibu na mto Teplá, nikaagiza pstruh, samaki wa mito ya baridi. Wameniletea mzima na kichwa chake, kaokwa kwa siagi, pembeni viazi vya kuchemsha vyenye majani ya kotmiri. Nilipomfungua tu, harufu ikanipiga: kisibiti! Nikaacha uma kwanza. Jikoni kwa mama kisibiti hakikosekani, na mimi miaka yote niliyokaa huku sikujua kwamba Wacheki nao wanakitumia kupikia samaki. Nimemla mpaka mifupa ikabaki mieupe.

Baada ya kula, watu hapa hawaendi nyumbani. Wanatembea. Tazameni: wazee, wanandoa, watoto, kila mmoja na kikombe chake cha kauri. Mkono wa kikombe una tundu ndani, unanyonya maji kupitia humo kama mdomo wa buli, kidogo kidogo, huku unapiga hatua. Ukiharakisha utaungua. Kwa hiyo mji mzima unakwenda taratibu, na hilo ndilo lililoniteka. Sijaona mtu anayekimbilia kitu.

Na hili jengo ni Mlýnská kolonáda. Mimi naliita baraza, maana ni baraza hasa: paa, nguzo 124, pande wazi, hakuna mlango wa kufungwa. Lilijengwa kati ya 1871 na 1881, mchoraji wake ni Josef Zítek. Ndani mna chemchemi tano. Unakinga mwenyewe, hulipi hata senti. Mwenye hoteli ya fahari kule juu na mimi niliyekuja kwa basi tunapanga foleni moja. Kikombe ndicho unachonunua.

Ngoja nionje mbele yenu. Mmh. Chumvi, halafu kama umelamba msumari. Ni moto, unashuka mpaka tumboni unausikia.

Watu wangu wa Tanga, mmeshajua nawaza nini. Galanos! Maji yetu ya moto pale Amboni, yenye harufu ya kiberiti, ambayo bibi alikuwa akitupeleka tukipata upele. Hapa daktari ndiye anayekuandikia chemchemi ipi unywe na vikombe vingapi kwa siku, na watu hukaa wiki tatu wakifuata dozi. Sisi tulikuwa tukioga, tukarudi nyumbani jua likizama. Natamani sana pale kwetu pajengwe hata baraza moja la kivuli, wazee wetu wapate pa kukaa.

Mama, najua unaangalia. Nimekununulia oplatky, kaki nyembamba kubwa kama sahani, katikati wameweka lozi na sukari. Kuna mtu anasafiri Alhamisi, nitampa. Na kikombe kimoja nimekuchukulia, cha maua ya buluu. Goti likitulia tutakuja kukijaza hapa hapa, kwenye hili bomba.