Mti wa Bunduki

REHEMA: Haya, tumerudi. Juma, umeniahidi sanamu. Mimi nimekaa nasubiri simba wa shaba.

JUMA: Simba hamna, dada. Nina kiti cha enzi. Kilitengenezwa Maputo mwaka 2001 na Cristóvão Canhavato, wengi wanamwita Kester. Kimeundwa kwa bunduki zilizokatwakatwa zikachomelewa upya.

REHEMA: Bunduki za kweli?

JUMA: Za kweli kabisa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Msumbiji vilikwisha 1992, lakini silaha zikabaki, nyingine zimefukiwa tu ardhini. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane wa Kianglikana, pamoja na Baraza la Kikristo la Msumbiji, wakaja na mpango: lete bunduki, ondoka na jembe. Au cherehani. Au baiskeli. Kuna kijiji kilikusanya silaha 500 kikapewa trekta.

REHEMA: Hapo sasa! Mtu aliyeficha bunduki humhubirii amani ukategemea ataitoa. Ila cherehani... cherehani inalisha watoto.

JUMA: Basi zilipopokelewa zilikatwa zisifyatue tena, na vipande vingine vikaenda kwa wasanii wa kikundi cha Núcleo de Arte, palepale Maputo. Ngoja nikuonyeshe mgongo wa kile kiti. Vitako viwili vya bunduki aina ya G3 vimesimama wima. Kila kimoja kina matundu mawili ya skrubu, na chini yake mpasuko wa kupitishia mkanda. Kodolea macho kidogo.

REHEMA: Eh! Sura. Inacheka!

JUMA: Na Kester hakuichonga. Aliikuta.

REHEMA: Yaani mtu kaibeba vitani miaka yote hiyo, na yenyewe inamchekea? Ondoa hiyo picha, bwana.

JUMA: Na hakuna bunduki hata moja iliyotengenezwa Msumbiji. Ureno, Umoja wa Kisovieti, Korea Kaskazini. Waliokufa ndio wa pale.

REHEMA: Unajua, sanamu nyingi za chuma chakavu zinafurahisha pale unaposahau chuma kilikuwa nini. Unaona ndege, unasahau kuwa alikuwa feni. Hiki kiti, ukisahau tu, kimekufa.

JUMA: Ndivyo na ule Mti wa Uzima, sanamu nyingine ya bunduki. Wasanii wanne, mita 3.5, nusu tani. Una matawi, na chini kuna ndege na kobe, lakini mitutu unaiona.

REHEMA: Uko wapi? Nikapige picha.

JUMA: London. Kwenye makumbusho ya British Museum.

REHEMA: Nilijua! Kila kitu kizuri kinaishia huko.

JUMA: Subiri, huu haukuchukuliwa. Waliuagiza wao wenyewe, pamoja na shirika la misaada la Christian Aid. Kile kiti pia walikinunua, wakakizungusha Uingereza hadi mashuleni na gerezani.

REHEMA: Sawa, wamelipa. Lakini aliyefukua bunduki yake akaikabidhi, mjukuu wake akitaka kuuona mti aombe viza?

JUMA: Hapo sina jibu. Ingawa gerezani, nadhani, kiti kile kilifika mahali pake.

REHEMA: Huko nakubali. Wewe ungekikalia?

JUMA: Kukalia, labda. Kuegemea, hapana. Mgongo wangu niukabidhi kwa zile sura mbili?