Françoise Giroud: mhariri aliyeanzia kwenye filamu

Wanahabari wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mhariri mmoja, nami nimemchagua Françoise Giroud wa Ufaransa. Alizaliwa Uswisi mwaka 1916, jina la ukoo likiwa Gourdji. Baba yake, mwanahabari aliyetoka Uturuki, alifariki binti akiwa bado mdogo. Nyumbani hali ikawa ngumu, binti akaacha shule mapema, akajifunza kupiga taipu ili apate riziki. Shahada hakuwahi kuwa nayo.

Kilichomfundisha uhariri, kwa maoni yangu, ni kazi aliyoipata kwenye filamu miaka ya 1930, akiwa na waongozaji kama Marc Allégret na Jean Renoir. Filamu haipigwi kwa mfuatano tunaouona ukumbini. Leo mhusika anafungua mlango. Chumba anachoingia kitapigwa wiki kadhaa baadaye, pengine mji mwingine. Kwa hiyo anahitajika mtu wa kukaa kando ya kamera na daftari, aandike kila kitu: glasi ilikuwa mkono upi, kifungo kipi cha koti kilikuwa wazi, sigara ilikuwa imebaki kiasi gani. Akikosea yeye, watazamaji maelfu wataliona kosa. Giroud alikuwa mtu huyo. Mtu aliyezoea kuona hivyo, mpe makala ya kurasa nane: ataona papo hapo aya ya tatu inapopingana na ya saba.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuja aliingia katika harakati za kuwapinga Wajerumani waliokuwa wameikalia Ufaransa, akafungwa jela ya Fresnes mwaka 1944. Baada ya vita Hélène Lazareff, mwanzilishi wa jarida la Elle, alimkabidhi uhariri. Wapo wanaoyadharau majarida ya wanawake. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwani kwenye Elle ndiko Giroud alikojifunza kuandika kwa ajili ya msomaji mwenye shughuli nyingi, asiye na muda wa kupotezewa.

Mei 1953, pamoja na Jean-Jacques Servan-Schreiber, kijana wa miaka 29, alianzisha jarida la habari la L'Express. Mwanzoni lilikuwa nyongeza ya kila wiki ya gazeti la Les Échos, mali ya familia ya Servan-Schreiber. Lilimuunga mkono mwanasiasa Pierre Mendès France, ambaye akiwa Waziri Mkuu alimaliza vita vya Ufaransa huko Indochina mwaka 1954. Vita vya Algeria vilipowaka, lilipinga mateso yaliyofanywa na jeshi la nchi yake lenyewe, na serikali ikakamata matoleo yake zaidi ya mara moja. Hebu fikirieni: toleo limeshachapwa, karatasi imeshalipiwa, polisi wanalibeba. Wiki inayofuata, mnaandika tena.

Mwaka 1957 jarida lilifanya uchunguzi wa maoni ya vijana wa Ufaransa, likawapa jina la Nouvelle Vague, yaani wimbi jipya. Baadaye jina hilo lilihamia kwa waongozaji vijana wa sinema, na leo dunia nzima inalijua kwa filamu zao. Lilitoka kwenye meza ya mhariri aliyekulia kando ya kamera.

Jambo jingine nalithamini sana. Aliwatuma wanawake vijana, akiwemo Michèle Cotta na Catherine Nay, wakaripoti siasa za bungeni, wakati ambapo habari hizo zilikuwa za wanaume.

Mwaka 1974, ingawa Giroud alikuwa amempigia kura François Mitterrand, mpinzani wa Giscard d'Estaing katika uchaguzi wa urais, Rais Giscard alimpa wadhifa wa serikali wa kushughulikia hali ya wanawake. Alitoa mapendekezo kama mia moja, kisha akahamia wizara ya Utamaduni. Lakini mwaka 1977, akigombea udiwani Paris, alitajwa kuwa na medali ya harakati za kupinga Wajerumani ambayo hakuwa nayo. Ikabidi ajiondoe. Inaniuma kulisema, maana ni kosa ambalo yeye mwenyewe angelizuia kwenye makala ya mtu mwingine.

Alirudi kwenye kalamu. Kuanzia 1983 aliandika safu kuhusu televisheni katika jarida la Le Nouvel Observateur, akaendelea nayo hadi alipofariki Januari 2003, akiwa na miaka 86.

Sasa nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na wanaohariri makala za wenzao.