Fataki Haiishi Usiku wa Diwali

Namaste. Na majirani zetu mliokuja, asalaam aleikum, karibuni sana. Naona viti vya nyuma vimejaa, nimefurahi mno.

Nimeulizwa mlangoni kwa nini safari hii nimeomba nizungumze kwa Kiswahili, na ukumbi umejaa Wagujarati wenzangu. Jibu langu ni fupi. Fataki ni zetu, lakini wanaoumia si sisi peke yetu. Anayefagia uwanja asubuhi ni dada wa kazi. Anayekesha getini ni askari. Anayeokota yaliyobaki barabarani ni mtoto wa jirani, ambaye pengine hajui hata tulikuwa tunasherehekea nini. Jambo linalowahusu watu hawa lisemwe wao wakiwepo.

Habari za mfalme Rama kurudi kwao Ayodhya, ambazo sisi Wahindu tunazikumbuka usiku wa Diwali, sikukuu yetu ya taa, mnazijua, sitapoteza muda. Naanzia pale ambapo wengi mnadhani mambo yamekwisha: asubuhi ya Bestu Varas, mwaka mpya wetu Wagujarati baada ya Diwali. Mmevaa nguo mpya, mnakwenda mandir, hekaluni, mnaamkia wazee, sahani za ladu na chevda zinapita nyumba kwa nyumba. Nje barabarani kuna makaratasi mekundu, na katikati ya makaratasi hayo kuna fataki zilizogoma.

Fataki iliyogoma ni ile iliyowashwa, utambi ukaungua, halafu kimya. Hapa kwetu pwani hazikosekani, maana baruti hunyonya unyevu, na maboksi mengine hukaa stoo tangu mwaka uliopita. Aliyeiwasha anangoja kidogo, anachoka, anawasha nyingine. Ile ya kwanza inabaki pale chini, na baruti yake yote imo ndani.

Nimekuwa muuguzi wa chumba cha dharura miaka mingi, na wanaonijua wameshanisikia nikimtaja mtoto huyu. Nitamtaja tena. Ni mtoto wa kiume wa shule ya msingi, si wa jamii yetu. Yeye na wenzake walipita alfajiri wakaokota fataki zilizogoma, wakazijaza kopo tupu la maziwa. Wakakaa nyuma ya ukuta, wakazichana moja moja, wakamwaga ule unga wa kijivu juu ya gazeti mpaka ukawa kichungu. Yeye ndiye aliyekuwa na kiberiti. Akainama ili aone vizuri.

Baruti iliyomwagwa wazi hivyo si lazima ilie. Huwaka yote kwa mara moja, mwali ukapanda juu. Alipofikishwa kwetu hakuwa na nyusi wala kope, ngozi ya mkono wa kulia imeanza kuvuka, na usoni alikuwa mweupe. Mweupe wa dawa ya meno. Mama yake alikuwa amempaka dawa ya meno, na shangazi akaongeza unga wa ngano juu yake. Walifanya hivyo kwa mapenzi, kwa sababu ndivyo walivyoambiwa na wakubwa wao. Ikabidi tuiondoe kwa maji na shashi kabla ya kuona jeraha lilivyo, na yeye analia muda wote huo. Maumivu hayo ya pili hayakuwa na ulazima wowote.

Kwa hiyo sikilizeni, na mkitoka hapa kamwambieni kila mtu nyumbani. Aliyeungua, maji. Maji safi, ya baridi ya kawaida, yanayotiririka juu ya jeraha, dakika 20. Tazameni saa, maana anayeungua na anayemshika wote hudhani dakika tano ni nyingi. Si barafu, barafu huiumiza ngozi mara ya pili. Si dawa ya meno, si yai, si asali, si unga. Na samli pia, mama zangu, samli ni ya diya, vile vitaa vyetu, na ya ladu. Kwenye ngozi iliyoungua mafuta hufunika joto likabaki ndani. Vueni bangili na pete mapema kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi msiivute. Hata kama saa moja au mbili zimepita, maji bado yanasaidia. Kisha funikeni kwa kitambaa safi, mwende hospitali.

Mtaniambia mfereji hauna maji. Najua, nami naishi Mombasa hii hii. Ndiyo maana nataka siku hiyo kila nyumba iweke kando dumu la lita 20 la maji safi, lisiguswe kwa kupikia wala kuoshea vyombo. Mtu mmoja anamimina kikombe baada ya kikombe, mwingine anashika saa.

Jicho lina habari yake. Fataki ikimpiga mtu jichoni, asilisugue, asilikandamize, wala msijaribu kutoa kilichoingia. Chukueni kikombe cha karatasi, kifunikeni juu ya jicho bila kuligusa, mkimbie hospitali usiku ule ule. Msingoje kupambazuke.

Sasa nirudi kwa yule mtoto, maana sijamaliza. Tuliuliza fataki zilikuwa za nani. Hakuna aliyejua, na kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa imewasha zake. Hilo ndilo linaloniumiza. Boksi lilinunuliwa na mtu, likawashwa na mtu, lakini jeraha halikuwa na mwenyewe.

Ninachoomba hakina gharama. Kama lazima mwashe, basi mtaa mzima uwashe mahali pamoja, na mtu mzima mmoja aliyechaguliwa ndiye awashe, watoto watazame kwa mbali. Fataki ikigoma, asiisogelee mtu kwa nusu saa, wala asijaribu kuiwasha tena. Halafu iingie kwenye ndoo ya maji ilale humo hadi kesho. Na kabla jua halijatoka, waliowasha ndio wafagie barabara, wao wenyewe kwa mikono yao. Msimtume dada wa kazi kuokota kitu ambacho nyinyi mnaogopa kukigusa.

Kuna wazee wangu wawili watatu wameshaanza kutikisa kichwa. Mnasema huyu anataka kutuharibia dini. Wazee wangu, baruti ilibuniwa China, ikafika India baadaye sana. Masimulizi ya Rama ni ya kale kuliko baruti. Watu wa Ayodhya walimpokea kwa safu za taa. Mkiwasha diya za udongo, utambi wa pamba na samli, hamjapunguza chochote katika Diwali. Na majirani zetu wa dini ya Kijaini, Oshwal na wengineo, usiku huo wanakumbuka nirvana, yaani ukombozi, ya Mahavira, mwalimu wao mkuu, na wengi wao hawagusi fataki kabisa kwa sababu ya ahimsa, wasije wakaua hata mdudu. Nani atathubutu kusema hawana Diwali?

Wengine husema moshi wa fataki ni mambo ya Delhi, sisi tuna upepo wa bahari. Ni kweli Delhi ina shida zake: Oktoba na Novemba hewa inapoa na kutulia, mashamba ya Punjab na Haryana yanachomwa mabua ya mpunga, magari ni mengi, halafu Diwali inaangukia hapo hapo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa chembe ndogo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu ni mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24; Delhi usiku huo hupita mamia. Mwaka 2015 kesi ilifunguliwa katika Mahakama ya Juu ya India kwa jina la watoto wachanga watatu, baba zao wakiomba mapafu ya watoto hao yalindwe. Mwaka 2018 mahakama ikaruhusu zile ziitwazo fataki za kijani peke yake, na kwa saa mbili tu, saa 2 hadi saa 4 usiku. Watu wakaendelea kuwasha usiku kucha. Na hizo za kijani hupunguza moshi kwa takriban asilimia 30. Hesabuni wenyewe asilimia inayobaki.

Lakini upepo wa bahari hauingii kwenye ua wa fleti zenye ghorofa sita pande zote nne. Fuljhari, zile nyaya zinazomwaga cheche, mtoto huzishika mbele ya kifua chake, na moshi wote unapita puani mwake. Kama ana pumu, tutaonana usiku huo huo. Na cheche hizo zina joto la zaidi ya nyuzi 1,000, wakati maji huchemka kwa 100. Zikizimika, waya bado ni moto, na sisi tuko miguu mitupu mlangoni penye rangoli, yale mapambo ya chini. Waya uingie ndoo ya mchanga, usitupwe chini.

Kuhusu bahari. Diwali ni usiku wa amavasya, hakuna mwezi, na wavuvi hapa watawaambia maana yake: maji ya bamvu. Bahari siku hizo hupanda juu kabisa ya mchanga na kurudi mbali. Kila mlichoacha ufukweni, makaratasi ya fataki, vitaa vya plastiki, sahani, kinachukuliwa. Kenya iliondoa mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania 2019, lakini maboksi ya mithai bado tunayazungushia plastiki tabaka tatu. Anayekwenda ufukweni arudi na vyake vyote.

Naonyeshwa saa, basi haraka haraka. Nguo za pamba, si nailoni; sari ya nailoni ikishika moto huyeyuka mwilini. Pallu, ile ncha ya sari, na dupatta, ule mtandio, zibanwe kwa pini. Diya ziwe mbali na pazia. Taa za umeme zisirundikwe kwenye ekstensheni moja. Rangoli ya unga wa mchele, manjano na maua inapendeza na haidhuru mtu. Mbwa afungiwe chumba cha ndani.

Maswali. Naam, ben, dada yangu, wewe pale dirishani. Anauliza afanyeje na boksi la mwaka jana lililo juu ya kabati la jikoni. Lishushwe leo, ben, na jiko likiwa limezimwa. Litie kwenye ndoo ya maji lilowe hadi kesho, kila fataki ilainike kabisa, kisha uniite nije tulitazame pamoja.